Mkalimani wa Mama Yake

Kazi ya dereva ni kukaa kimya na kusikiliza. Nimebeba watu wengi kwenye Landrova ya Chama pale Sumbawanga, wazuri na wabaya, na sijapata kumsikiliza mtu kwa muda mrefu na kuambulia kidogo kama Ndugu Oswaldi.

Alikuwa Mfipa wa kuzaliwa, upande wa Mwazye. Mama yake, Cornelia, alikuwa mjane, mkulima wa ulezi na mahindi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambaye watu walinyamaza alipoanza kusema. Oswaldi alikuwa mwanawe wa pekee aliyebaki hai. Alimsomesha kwa jembe lake na kwa kimpumu alichopika, ile pombe ya ulezi wanayoizunguka wazee na mirija yao. Mapadri wakamchukua seminari, akatoka kabla ya wakati kwa sababu ambazo kila mtu pale kijijini alikuwa na zake. Ndipo Chama kikamwona, kikampeleka kozi ya siasa. Aliondoka akiongea kama watu wengine. Alirudi na suti ya mikono mifupi na Kiswahili ambacho hata mimi Lukmani, niliyezaliwa nyuma ya duka la baba yangu Majengo na sijui lugha nyingine ya mama, sikukielewa vizuri.

Wakampa ukatibu. Tangu siku hiyo Oswaldi hakusema tena Kifipa mbele ya watu. Alisema Kifipa ni ukabila, na kiongozi wa wakulima na wafanyakazi hana kabila. Maneno matamu hayo, ila wakulima aliokuwa kiongozi wao, hasa akina mama na wazee, walikuwa hawajui Kiswahili zaidi ya kile cha kusalimia na kununua chumvi. Kwa hiyo kila alipokwenda kuhutubia kwao alihitaji mkalimani. Mfipa anahutubia Wafipa, na katikati yao amesimama Mfipa wa tatu anatafsiri. Nilikuwa naegemea mlango wa gari na kuangalia milima.

Mkalimani alikuwa Zenon, katekista wa kanisa, mzee mwembamba asiyependa maneno mengi. Oswaldi angeshika kipaza sauti cha betri na kusema, "Ndugu wananchi, katika awamu hii ya kuzikabili nguvu za kibeberu na vibaraka wao wa ndani, hatuna budi kujenga msingi wa uzalishaji wa pamoja utakaokomesha unyonyaji wa mtu kwa mtu." Kisha angenyamaza, amemtazama Zenon kama mtu aliyemkabidhi mwenzake mtoto.

Zenon angewageukia watu na kusema kwa Kifipa, "Anasema tulime."

Watu wangeitikia kwamba wamesikia. Oswaldi angejifuta jasho na kuendelea.

Sisemi kwamba alichotumwa kukisema kilikuwa kibaya. Baba yangu, mzee Hamis, alikuwa mfanyabiashara na hakuipenda siasa ile hata kidogo, lakini hata yeye alikubali kwamba shule kila kijiji, maji safi na kisomo cha watu wazima ni mambo ya heri. Chama kilikuwa na habari njema mkononi. Walichokosa ni mtu wa kuifikisha, wakamtuma Oswaldi, aliyekuwa hodari wa kuichukua habari njema na kuifanya adhabu.

Nitatoa mfano mmoja. Mwaka mmoja kabla ya Operesheni ya kuhamia vijijini, watoto wengi walikuwa wamekufa kwa surua upande ule. Wilayani ikaamuliwa kwamba wanakijiji wakijitolea kufyatua matofali, watajengewa zahanati na kuletewa mganga. Habari kama hiyo, ungeisema kwa mama mmoja tu kisimani, jioni kijiji kizima kingekuwa na udongo miguuni. Oswaldi aliitisha mkutano mchana, wakati wa palizi. Akaanza na Ureno. Akaenda Rodesia. Akaeleza historia ya ukoloni tangu Wajerumani, kwa mapana, Zenon akifupisha. Jua likageuka. Akina mama, mmoja mmoja, wakajitwisha vikapu vyao na kuondoka, maana nyumbani kulikuwa na watu wa kulishwa. Alipofika kwenye zahanati, mwisho kabisa, chini ya kichwa cha habari alichokiita "mengineyo", walikuwa wamebaki wazee wachache waliosinzia na mbuzi aliyekuwa akila kamba ya bendera.

Hakuna aliyekuja kufyatua tofali. Njiani kurudi Oswaldi alisema, "Unaona, Lukmani. Watu hawa bado wako gizani. Unawaletea maendeleo, wanakupa mgongo."

Nikasema, "Ndiyo, Ndugu Katibu." Nilikuwa na watoto wa kulisha.

Kisha ikaja Operesheni yenyewe. Kijiji cha akina Cornelia kilikuwa kimetawanyika kwenye vilima, kila ukoo na mashamba yake. Wakaambiwa washuke bondeni, wajenge kwa mstari kando ya barabara. Oswaldi ndiye aliyesimamia. Alichora mistari mwenyewe kwa kamba na vigingi, na katika kutaka kuonyesha kwamba hana upendeleo, akampangia mama yake kiwanja cha mwisho, chini, mahali ambapo maji ya mvua yangepita mlangoni. Alilisema jambo hilo kwenye ripoti kama sifa.

Sasa, Wafipa wana kilimo chao. Mvua zikikaribia kwisha wanakata majani na kuyafukia chini ya udongo, wanayakusanya katika vichuguu vya mviringo vinavyoitwa intumba. Vinakaa hivyo kiangazi chote, majani yanaoza ndani. Mvua mpya zikianza, vinasambazwa na ulezi unapandwa kwenye mbolea ile. Watu walihamishwa intumba zikiwa zimeshapangwa huko juu vilimani, kazi ya nguvu za mwaka mzima imelala ardhini ikingoja mvua. Kutoka bondeni kwenda huko na kurudi ni safari ya kuimaliza siku.

Kwenye mkutano wa kwanza wa kijiji kipya, baada ya hotuba, Cornelia alisimama. Aliuliza kwa Kifipa, kwa sauti yake ile ya chini, na aliuliza swali ambalo kila mtu pale alikuwa nalo: intumba zao nani atazisambaza, na kama haziwezi kufikiwa, mwaka huu watakula nini.

Mimi mwenyewe, kwa kukaa na wateja wa Kifipa dukani tangu utoto, nilielewa kila neno. Oswaldi alilielewa kuliko mimi. Ni titi la mama huyo lililomfundisha lugha hiyo. Lakini alisimama pale na kipaza sauti chake, akamgeukia Zenon, akasubiri kutafsiriwa.

Zenon alimwangalia mama, akamwangalia mwana, akatafsiri swali lote bila kuacha kitu.

Oswaldi akakohoa. "Mwambie mama huyo," akasema, "kwamba kilimo cha kurithi kimepitwa na wakati, na kwamba wataalamu wa serikali wanaandaa utaratibu wa kilimo cha kisasa cha bega kwa bega, ambacho kwa muda muafaka kitawafikia wananchi wote."

Zenon akamgeukia Cornelia. "Mwanao anasema hajui."

Kicheko kilianzia kwa akina mama, kikaenda nyuma kwa wanaume, hata mgambo walioletwa kulinda mkutano wakainamisha nyuso. Oswaldi alikuwa ameusikia uwongo ule, kama kweli ulikuwa uwongo. Lakini angeukanushaje? Kuukanusha ni kukiri kwamba Kifipa anakijua na mama yake amemsikia. Akabaki amesimama, shingo imevimba, anatabasamu kama mtu asiyejua wanachocheka. Cornelia hakucheka. Aliketi chini, akajifunga khanga yake vizuri, akaangalia pembeni.

Mwaka ule ulezi ulikuwa haba. Watu walikula mahindi ya msaada, na wakashukuru serikali kwa kulazimishwa.

Mwaka uliofuata ukawa wa uchaguzi wa wabunge. Wakati ule Chama kilikuwa kimoja, lakini wagombea walikuwa wawili kila jimbo, mmoja anapewa alama ya nyumba na mwingine ya jembe. Wote wawili walizungushwa pamoja, gari moja, jukwaa moja, ili pasiwe na wa kumzidi mwenzake. Oswaldi akapewa nyumba, akafurahi sana. Aliniambia nyumba ndiyo alama ya Operesheni yenyewe, kwamba alama imemchagua. Jembe akapewa Tadei.

Nisiwadanganye kuhusu Tadei. Alikuwa mnunuzi wa ngozi wa chama cha ushirika, mnene, mvivu, mpenda kulala. Kuhusu siasa alijua jina la Chama na rangi za bendera. Ukimuuliza ubeberu ni nini angekuambia ni beberu wengi. Kwenye gari alikuwa akikoroma nyuma, huku Oswaldi mbele akijisomea hotuba na kunyoosha mkono hewani, mara kadhaa akinigonga bega.

Lakini Tadei alikuwa na jambo moja. Tukipita mahali penye msiba, alisema, "Simamisha." Alishuka na kwenda kukaa na wafiwa chini, anauliza marehemu aliugua nini, anaacha kilicho mfukoni. Tukifika kijijini alikwenda kwanza jikoni kwa akina mama. Alisema shikamoo kwa kila mwenye mvi. Akikaribishwa ugali wa ulezi alikula mpaka akaomba ukoko. Oswaldi muda wote huo alikaa garini, kioo kimepandishwa kwa sababu ya vumbi, anasubiri ratiba.

Siku moja akamuuliza, akijaribu kuficha wivu, "Huko majikoni unawaambia nini? Kampeni za pembeni zimekatazwa."

"Siwaambii kitu," Tadei akasema. "Nakula."

"Na wao?"

"Wao ndio wanaosema. Mimi mdomo umejaa."

Oswaldi akacheka kwa dharau, akanigeukia. "Lukmani, unaona mtu wa aina hii anavyotaka kwenda bungeni?"

Nikasema ninaona.

Tulifika kijijini kwa Cornelia mchana wa jua kali la mwezi wa kumi, vilima vimeungua vyeusi pande zote. Tadei alikwenda moja kwa moja kwenye ile nyumba ya mwisho ya mstari. Nilimsikia akisema, "Shikamoo mama," na kule ndani ikaitikiwa, "Marahaba, mwanangu, ingia." Mama wa Oswaldi alimpakulia mpinzani wa Oswaldi chakula, na Oswaldi alikuwa akikagua meza ya jukwaa kama imefunikwa kitambaa. Nilisogea nikamwambia, kwa upole, "Ndugu, mama yupo nyumbani. Si ukamwamkie kabla ya kuanza?"

"Mgombea haruhusiwi kuonyesha undugu," akanijibu. "Kanuni ni kanuni, Lukmani."

Kanuni ilikataza kuombea kura kwa kabila na dini. Shikamoo haikuikataza.

Tadei aliitwa kwanza. Alisimama, ametoka kushiba, akasema kwa Kiswahili cha sokoni, sentensi ambazo Zenon hakuhitaji kuzifupisha, kwamba amesikia intumba ziko mbali na maji ya mvua yanaingia ndani ya nyumba za chini. Kwamba hajui atafanya nini, lakini akienda huko atasema hivyo. Akaketi. Watu wakapiga makofi ya kadiri.

Oswaldi akashika kipaza sauti. Alikuwa hodari, sikatai. Sauti ilipanda, ikashuka, mkono ukapasua hewa. Alieleza utu, usawa, kazi, maadui watatu wa taifa. Kila alichosema kilikuwa kweli, na hakuna kilichomgusa mtu. Akaelekea mwisho. "Ndugu wananchi, mimi ni mtoto wa mkulima. Nayajua machungu ya mkulima. Nimezaliwa katika jasho la mkulima."

Zenon akatafsiri yote hayo neno kwa neno. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akifanya hivyo kwa maneno ya Oswaldi.

Ulipofika wakati wa maswali Cornelia akanyanyuka, mstari wa mbele kabisa, mbele ya mwanawe. Akauliza swali fupi. Zenon akaliweka katika Kiswahili.

"Anauliza, mtoto wa mkulima gani?"

Hapo alikuwa amefunguliwa mlango. Mtu yeyote mwenye mama angepita. Alitakiwa kushuka jukwaani, hatua chache, aseme kwa lugha aliyozaliwa nayo, "Wako." Naamini hata siku ile, pamoja na intumba na maji mlangoni, wangempa kura. Watu wa Ufipa husamehe wakiombwa.

Oswaldi akaangalia karatasi zake. "Mkulima wa Tanzania," akasema, "kwa ujumla wake."

Zenon hakutafsiri. Hapakuwa na haja; akina mama wenyewe walikuwa wameshaanza kuinuka na kukung'uta vumbi kwenye khanga.

Jembe lilishinda jimbo zima, na kijijini kwao Oswaldi lilishinda kwa kura za kumtia aibu. Matokeo yalipotangazwa alikaa ofisini kutwa, hakutaka chai. Kesho yake asubuhi akaniambia nimpeleke kwa mama yake. Nikafikiri, haya, mtu amefundishwa.

Cornelia alikuwa uani anapepeta. Oswaldi alishuka, safari hii bila suti, akasimama mbele yake. Hata kuamkia hakuamkia. Akasema, kwa Kifipa, nacho kilikuwa kimeingia kutu, "Mama, wewe ulipiga wapi?"

"Jembe," akasema mama, anaendelea kupepeta.

"Kwa nini?"

"Nyumba hii ulinipangia wewe, maji yanaingia. Jembe ni langu, nililinunua mwenyewe. Ningepiga kura wapi?"

"Zile zilikuwa alama tu, mama."

"Nilijua ni alama. Mimi si mjinga, Oswaldi. Umetuambia kwa miaka mingi kwamba tu wajinga, na tukavumilia kwa sababu wewe ni mtoto wetu." Akaweka ungo chini. "Yule mnene hana akili kama zako. Namjua. Lakini nilipomwambia habari ya intumba aliniuliza ziko ngapi na ziko kilima gani. Wewe ulizikuta huko vilimani ulipozaliwa, hukuuliza." Kisha akasema kwa sauti ileile, "Kaa chini ule. Kuna maharage."

Oswaldi alibaki amesimama. Midomo ilimcheza, nikadhani atalia, na nilikuwa tayari kumheshimu kwa hilo. Badala yake akajinyoosha. Akasema, na sasa alikuwa amerudi kwenye Kiswahili chake, "Mmepotoshwa. Ni kazi ya wapinga maendeleo." Akaja akaingia garini, akafunga mlango. Cornelia alinitazama mimi. Nikaona haya, nikashuka, nikala maharage ya watu wawili.

Ripoti yake ilikwenda juu. Sikuisoma, lakini alinisimulia njiani kwa fahari: kushindwa kwake kumetokana na kiwango cha chini cha mwamko wa kisiasa. Wakubwa waliafiki. Walimwona mtu mwenye uchambuzi. Wakamhamishia mkoa mwingine, kwenye chuo, awafundishe makada vijana namna ya kuwafikia wananchi. Nilipoelezwa habari hiyo niliomba irudiwe.

Tadei alikwenda bungeni akalala huko miaka yote mitano. Mifereji ya maji kwenye zile nyumba za chini ilichimbwa na wenyewe.

Zahanati ilijengwa, ila si na hawa wawili. Alikuja katibu mwanamke, Fransiska, msichana wa Nkasi aliyekulia Wampembe ziwani, hakuwa hata Mfipa wa nyanda za juu. Huyo nilikuwa namshusha kijijini na kumwacha huko, analala kwa Cornelia, anapepeta na akina mama. Kifipa chake cha kando ya ziwa kiliwachekesha, wakamsahihisha, na katika kumsahihisha wakajikuta wameshazungumza naye kila kitu. Sijui ni lini alitaja zahanati. Nilichoona ni matofali yanaanikwa. Aliwapatia pia ruhusa ya kurudi vilimani msimu wa kulima, wakajenga vibanda vyao kando ya intumba. Kwenye uzinduzi hakuhutubia. Alishika beseni la maji ya kunawa, akapita kwa wazee.

Chama kilimwondoa mwaka uliofuata. Ripoti zake zilionyesha mikutano michache mno.

Oswaldi nilimwona tena mara moja, amekuja Sumbawanga na ujumbe kutoka makao makuu, amenenepa, anavaa miwani. Nilitumwa kuwapokea uwanja wa ndege. Akanikumbuka, akaniuliza habari za barabara ya Mwazye, kama inapitika.

"Inapitika vizuri, Ndugu," nikamwambia. "Na mama hajambo, ila miguu. Tukiondoka sasa tutamkuta hajalala."

Aliangalia saa yake. Akasema ratiba imebana, labda safari ijayo, nimfikishie salamu za kimapinduzi. Nikampeleka kwenye nyumba ya wageni ya serikali, nikamshushia begi, nikarudi Majengo kula.